Lifti ya Vitana

Mwulize mtoto wa mjini lifti inafanyaje kazi, atakwambia unabonyeza namba, unasubiri, unafika. Hajakosea. Wengi wetu watu wazima hatujui zaidi ya hapo, na tunapanda kila siku. Anayeuliza swali la maana ni yule ambaye hajazoea, kwa sababu kwake kuingia ndani ya kasha la chuma linaloning'inia shimoni si jambo la kufanya huku unachezea simu. Mpwa wangu, mtoto wa darasa la tano aliyekuja likizo Dar kutoka Korogwe, alisimama mbele ya lifti ya jengo tunaloishi, akaitazama milango ikifunguka na kujifunga, kisha akaniuliza: "Mjomba, na kamba ikikatika?"

Binamu zake wakacheka. "Haikatiki," mmoja akamjibu kwa sauti ya mwenyeji. Mpwa wangu hakubishana. Akapanda ngazi mpaka ghorofa ya saba, sisi tukamsubiri juu.

Likizo ile nilikuwa nimewaahidi watoto kwamba tutaunda kitu chenye mota. Mwanangu wa kiume alitaka gari, dada yake alitaka feni. Swali la mpwa wangu likaamua kesi: tutaunda lifti.

Iko njia rahisi ya kufanya mradi huu, na wengi huifuata. Unachukua boksi, unalifunga uzi, uzi unauzungushia kwenye kijiti, kijiti unakifunga kwenye mota. Boksi linapanda, watoto wanapiga makofi, mchezo umekwisha. Sina ugomvi na njia hiyo, ila kilichoundwa hapo ni winchi. Bandarini winchi ziko tele na hakuna abiria anayening'inizwa nazo. Kinachoifanya lifti iwe lifti ni kwamba binadamu anakubali kusimama ndani yake, na binadamu mwenye akili timamu hakubali mpaka ajibiwe swali la yule mtoto wa Korogwe. Kwa hiyo sisi tulianza na kamba kukatika. Mota tukaiweka kabatini.

Hata dunia ilikwenda kwa mpangilio huohuo. Kupandisha vitu kwa kamba na kapi ni kazi ya kale. Mabaharia wa pwani yetu wamekuwa wakipandisha foromali, ule mti unaoshika tanga, pamoja na tanga lake kwa jarari, yaani kamba yake, na makapi tangu enzi ambazo hakuna aliyeota umeme. Hapakuwa na shida ya kupandisha. Shida ilikuwa kwamba kamba zilikatika, mzigo ukaanguka, na aliyekuwa juu ya mzigo akaanguka nao. Mwaka 1852 fundi mitambo mmoja wa Marekani, Elisha Otis, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vitanda mjini Yonkers, jirani na New York, akahitaji jukwaa la kupandishia vifaa ambalo halitaua mtu. Hakubuni lifti. Alibuni breki.

Akachukua springi ya bapa, ya aina inayokaa chini ya gari la farasi, akaifunga juu ya jukwaa. Kamba ya kuvutia hakuifunga kwenye jukwaa lenyewe, aliifunga katikati ya ile springi. Pande mbili za shimo akaweka nguzo zenye meno. Maadamu kamba imekaza, uzito wa jukwaa unaipinda springi, ncha zake zinakaa mbali na meno, na jukwaa linapita bila kugusa kitu. Kamba ikikatika, springi haina cha kuipinda tena. Inajinyoosha, ncha zinaruka nje, zinajichomeka kwenye meno, na jukwaa limesimama. Hakuna mtu wa kuvuta lever, hakuna wa kupiga kelele. Kitu kinachoharibika ndicho kinachoiamuru breki ishike.

Mwaka 1854, kwenye maonyesho makubwa ndani ya jengo la vioo lililoitwa Crystal Palace huko New York, Otis alisimama juu ya jukwaa lake, akapandishwa juu ya vichwa vya watu, kisha akaagiza kamba ikatwe. Jukwaa likashtuka kidogo, likasimama. Miaka 3 baadaye, 1857, lifti yake ya kwanza ya abiria ikafungwa katika duka la Haughwout, jengo la ghorofa tano kwenye barabara ya Broadway, ikiendeshwa kwa mvuke. Jengo hilo lipo mpaka leo.

Niliwasimulia watoto habari hii wakiwa wamekaa sakafuni, na nikaona wote watatu wanaangalia juu, kwenye dari, kana kwamba Otis yuko pale anasubiri. Mwanangu akasema, "Sisi tutakata kwa mkasi."

Shimo la lifti yetu lilikuwa nguzo nne za mbao, urefu wa kama mita moja, tulizopewa na fundi seremala wa mtaani katika makombo yake, na nyuma tukapigilia ubao mwembamba. Chumba cha lifti kilikuwa boksi la viatu vya mtoto, limepunguzwa na kuimarishwa kwa vijiti. Mpaka hapo hakuna la kusimulia. Kazi yenyewe ilikuwa meno na springi.

Meno yalipatikana bafuni. Binti yangu alikuwa anachanwa nywele na mama yake, akakishika kitana cha plastiki akakizungusha wima, akasema, "Baba, si haya hapa?" Tukaenda dukani tukanunua vitana vya bei rahisi, vile vyenye meno mapana upande mmoja na membamba upande wa pili, tukakata sehemu ya meno membamba tukaitupa, sehemu ya meno mapana tukaipanga kimoja juu ya kingine kwenye nguzo za kulia na kushoto, tukaigandisha kwa gundi ya moto. Kwa mtazamo wangu huu ndio uhandisi wa kweli, na haukutoka kwangu.

Springi ilitusumbua zaidi. Rula ya plastiki ilivunjika. Ufito wa mwanzi ulipinda ukabaki umepinda. Jibu tulilipata kwenye gereji ya pembeni ya barabara: ndani ya mpira wa waipa ya gari kuna vijichuma viwili vyembamba, bapa, visivyoshika kutu, vinavyopinda na kurudi vilivyokuwa. Mafundi wanavitupa pamoja na mpira ukichakaa. Kimoja tukakikata urefu unaozidi upana wa chumba kidogo tu, tukakipitisha kwenye matundu mawili juu ya kuta za chumba, uzi wa mshipi wa kuvulia tukaufunga katikati yake.

Tukavuta uzi. Chumba hakikutoka. Ncha za chuma zilikuwa zimeng'ang'ania vitana, na kila tukivuta zinakwaruza jino baada ya jino. Watoto wakadhani tumekosea vipimo, wakataka kukata ncha zipungue. Mpwa wangu ndiye aliyepinga. Alikuwa ameshika chumba mkononi, akakirusha kidogo hewani akakidaka, akasema: "Chepesi. Hakiwezi kukipinda hicho chuma."

Alikuwa amegusa kiini cha mambo. Springi ile inapindwa na uzito wa chumba chenyewe. Chumba cha gramu 100 hakiipindi kitu, ncha zinabaki zimechomoza. Tukaweka kokoto sakafuni mwa chumba, tukaziongeza mpaka kikafika karibu nusu kilo, tukavuta tena: chuma kikajikunja kama upinde, ncha zikaingia ndani milimita chache kila upande, chumba kikapanda bila sauti. Kwa maneno mengine breki hii haipendi lifti nyepesi, na yeyote anayetaka kuiga mradi wetu ajue kwamba atapoteza muda mwingi hapa, kati ya springi ngumu mno na chumba chepesi mno. Asichoke. Ni sehemu tamu kuliko zote.

Kukata kamba kulifanyika sebuleni mbele ya familia nzima, pamoja na majirani wawili waliokuja kuazima mwiko. Mwanangu alipandisha chumba mpaka ghorofa ya nne, ndani wameweka mdoli wa dada yake, na mpwa wangu akapewa mkasi. Akakata. Chumba kilishuka pengine unene wa kidole kimoja, kikalia tak!, kikakaa pale kimeinama kidogo upande. Kelele zilizopigwa zilisikika mpaka kwa mlinzi.

Waliurudia mchezo huo mpaka mshipi ukaisha na meno kadhaa ya vitana yakang'oka. Tukayabadilisha.

Baada ya hapo ndipo mota ikatolewa kabatini. Tuliichomoa kwenye deki mbovu ya DVD, ile mota inayosukuma sahani ya diski nje na ndani, ikiwa na mkanda wake wa mpira na gia zake za plastiki. Nashauri kuchukua mfumo wote kama ulivyo. Mota tupu ya toi inazunguka kwa kasi kubwa na haina nguvu hata kidogo. Gia ndizo zinazobadilisha mbio kuwa nguvu. Kwa swichi ya miguu sita, ambayo mafundi redio wa Kariakoo wanayo kwenye kopo, ukivusha nyaya mbili msalaba kutoka miguu ya mwisho upande mmoja hadi upande wa pili, unapata kwenda juu, kwenda chini na kusimama kwa kidole kimoja.

Ila mota ile, ikiwa na betri mbili za rimoti, haikuweza nusu kilo. Ilinguruma, ikapata joto, ikasimama. Watoto wakataka betri zaidi. Huo ndio mtego wa mradi wa winchi: kila ukishindwa unaongeza betri. Nikawaambia wafunge uzito mwingine upande wa pili wa uzi, uning'inie nyuma ya chumba. Walipofunga mfuko wa kokoto wenye uzito karibu sawa na chumba, mpwa wangu akakisukuma chumba kwa kidole kimoja na kikapanda chenyewe polepole, mfuko ukishuka. Wakaupa mfuko jina la Mwenza, na jina limebaki.

Siku hizohizo fundi anayehudumia lifti ya jengo letu alikuja kwa ukaguzi wake wa kawaida. Watoto wakamvamia koridoni.

"Shikamoo fundi!"

"Marahaba, wanangu. Nani kanasa?"

Hakuna aliyenasa, wakamwambia, njoo uone ya kwetu. Akaja, akavua viatu, akaichuchumalia lifti ya vitana kwa heshima ambayo sikuitarajia. Akaugusa Mwenza. "Huyu mmempa uzito gani?"

"Sawa na chumba."

"Chumba kikiwa tupu, au kikiwa na watu?"

Kimya. Akaomba kalamu, akaandika hesabu kwenye ubavu wa boksi. Tuseme chumba chenyewe kina kilo 800, na kinaruhusiwa kubeba kilo 630, yaani watu 8. Uzito wa upande wa pili hauwekwi 800, wala hauwekwi 1,430. Unawekwa chumba pamoja na nusu ya mzigo: 1,115. Mahali pengine wanaweka pungufu kidogo ya nusu. Sasa angalieni, akasema. Lifti ikiwa tupu, upande wa pili umezidi kwa 315. Lifti ikijaa, chumba kimezidi kwa 315 vilevile. Ikiwa na watu wanne, ni mizani iliyotulia. Kwa hiyo mota haijawahi kubeba kilo 1,430 hata siku moja. Kubwa kuliko zote inayopambana nayo ni tofauti ya 315.

Mwanangu alilitazama lile boksi kwa muda. "Kwa hiyo lifti tupu inataka kwenda juu yenyewe?"

"Inataka. Tena kwa nguvu. Mota inafanya kazi ya kumzuia Mwenza wenu asikimbie nayo."

Hili ndilo jambo ambalo, kwa miaka yote niliyopanda lifti, sikuwahi kulifikiria: kwamba lifti inayokuja juu kunichukua ikiwa tupu inashikwa isipae, na kwamba katika baadhi ya majengo mapya mota kwenye safari kama hiyo hugeuka jenereta, ikarudisha umeme kidogo kwenye jengo. Mfalme Louis XV wa Ufaransa aliwekewa kiti cha kupanda ghorofani kule Versailles mwaka 1743, na hicho nacho kilisawazishwa kwa uzito. Wazo si jipya. Jipya ni kwamba sasa watoto wa darasa la tano na la sita wanaweza kukupigia hesabu yake.

Fundi yule hakuondoka bila kutukosoa. Uzi wetu ulikuwa umefungwa na kuzungushwa kwenye kijiti cha mota. Akasema siku chumba kikifika juu na mtu akisahau kuzima, mota itaendelea kuvuta mpaka ing'oe paa. Watoto wakaangaliana, maana jana yake ilikuwa imetokea hivyohivyo. Katika lifti za majengo marefu, akaeleza, kamba haizungushwi ikaviringwa. Inapita tu juu ya gurudumu, chumba huku, uzito kule, na kinachoivuta ni msuguano wa kamba kwenye mifereji ya gurudumu. Uzito wa upande wa pili ukitua chini kabisa, kamba upande huo inalegea, msuguano unapungua, gurudumu linateleza bure na chumba hakiendi popote. Hata kosa la kusahau limeandaliwa kitanda.

Tukabadilisha. Kwenye kapi tukavisha kipande cha tyubu ya baiskeli ili uzi usiteleze ovyo, na uzi ukazungushwa mara moja zaidi, kwa kuwa kila mzunguko unaoongeza unazidisha mshiko mara nyingi kuliko unavyotarajia. Baharia anayezuia meli kwa kuzungusha kamba kwenye nguzo ya gati analijua hilo bila kitabu.

Vilevile tukaweka swichi ndogo juu na chini, tulizozitoa kwenye mausi mbovu za kompyuta, zile zinazolia tik unapobonyeza. Chumba kikizigusa, umeme unakatika. Tatizo ni kwamba ukishakatika, unarudije chini? Unaweka dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na swichi, ikielekea upande unaoruhusu umeme wa kushuka peke yake. Ni kijidude cha bei ya pipi. Na ukitazama kwa makini utaona chumba kinaanza kushuka kivivu, kisha kinachangamka ghafla kikishaachana na swichi, kwa sababu dayodi inakula sehemu ya umeme, kama nusu volti au zaidi, na betri zetu zenyewe ni volti 3 tu.

Umeme ulikatika jengo zima jioni moja tukiwa katikati ya kazi, na hilo likaleta somo ambalo sikuwa nimelipanga. Binti yangu akauliza: walioko ndani ya lifti ya kweli saa hii wanaanguka? Hawaanguki. Breki ya mota ya lifti imeundwa ikandamizwe na springi muda wote; umeme unatumika kuiachia. Umeme ukikatika, hakuna wa kuiachia, inashika. Otis tena, safari hii bila nguzo zenye meno. Dereva yeyote wa lori la masafa anaujua mpango huo kutokana na breki za upepo: upepo ukivuja wote, springi inashika magurudumu na lori haliendi hata usukume. Kilichobaki kwa aliyenasa ni kubonyeza kengele na kutulia. Kinachomuumiza mtu zaidi ni kulazimisha mlango na kujaribu kuruka nje, na chumba hakiishiwi hewa kama watu wanavyotishana.

Watoto hawaridhiki kirahisi. Wakapandisha dau: na breki nayo ikiharibika? Nikawaeleza juu ya kifaa kimoja ambacho hatukukiunda, kinachozungushwa na kamba yake ya pembeni na kupima kasi. Kasi ikizidi ile iliyopangwa kwa asilimia 15 au zaidi, kinanasa na kuvuta mataya yanayobana reli, hata kama kamba zote ni nzima. Kamba zenyewe huwa kadhaa, na kanuni za Ulaya zinataka kwa lifti yenye kamba tatu au zaidi ziweze kuhimili mara 12 ya mzigo wao. Kisha nikawapa habari ambayo nilisita kuwapa, lakini waliiomba. Tarehe 28 Julai 1945 ndege ya kijeshi ya Marekani aina ya B-25 iligonga jengo la Empire State kwenye ukungu. Mwendesha lifti mmoja, Betty Lou Oliver, aliumia, akawekwa kwenye lifti nyingine ateremshwe apate matibabu. Ajali ilikuwa imeharibu kamba za lifti hiyo, pamoja na ile kamba ya kupimia kasi, ndiyo maana mataya hayakubana. Akaanguka ghorofa 75. Akapona. Chini yake kamba zilizokatika zilikuwa zimejirundika kama godoro, na hewa iliyobanwa ndani ya shimo jembamba ikapunguza kasi.

"Kwa hiyo ili ianguke, lazima ndege igonge," mwanangu akahitimisha.

"Sijasema hivyo," nikamwambia.

Ni mpwa wangu aliyekumbuka jambo ambalo wote tulikuwa hatulioni. Tulipokuwa tukikata kamba tena, Mwenza akiwa amekwishafungwa, kila mtu alikuwa akikitazama chumba. Mwenza je? Kamba ikikatika naye anaachiwa, na hana breki. Kweli, kila tulipokata alikuwa akidondoka pu! kwenye sakafu nyuma ya shimo, na kokoto zikatawanyika, na hakuna aliyejali. Sasa chini yake kuna sponji ya kuoshea vyombo, vipande viwili. Kwenye lifti za kweli pale chini huwa na springi au silinda ya mafuta, kwa chumba na kwa mwenzake pia, na ikiwa chini ya shimo kuna mahali watu wanapita, uzito wa upande wa pili nao unaweza kuwekewa breki yake.

Usije ukadhani mtoto huyo sasa anapanda lifti. Hapandi. Alirudi Korogwe akiwa bado mtu wa ngazi. Nilipomkumbusha kwamba ameikata kamba kwa mkono wake na ameona chumba kikisimama, alinijibu kwa adabu kabisa: "Breki ile ya kwetu nimeiona, mjomba. Ya jengo sijaionyeshwa." Sikuwa na jibu, na sidhani wengi wetu wanalo. Hata kwetu lifti si jambo la juzi. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na kuporomoka sehemu yake Desemba 2020, hutajwa kuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Miaka yote hiyo tunaingia, tunageuka, tunatazama namba zikibadilika. Ningekuwa na madaraka ningetaka kila jengo refu liwe na dirisha moja dogo la kioo kwenye shimo, mtoto achungulie amwone Mwenza akipita.

Baada ya yeye kuondoka waliobaki wakahamia kwenye jambo la amri. Nani ahudumiwe kwanza? Mwanzoni walikuwa wakijibu kila anayeita kwa zamu: wa ghorofa ya nne kaita kwanza, nenda ya nne, wa pili kaita wa ghorofa ya kwanza, rudi ya kwanza, na yule wa ya tatu aliyeita katikati akapitwa mara mbili. Wadoli walisimama sana. Wakagombana, wakaandika kanuni ukutani kwa chaki, wakafuta, mwisho wakaifikia kanuni ambayo lifti nyingi zinaitumia: ukishaanza kupanda, endelea kupanda, chukua kila anayekwenda juu njiani, usigeuke mpaka pasiwe na anayekuhitaji huko mbele, ndipo ushuke kwa utaratibu uleule. Wataalamu wa kompyuta walitumia utaratibu huo kupangia kazi sindano ya kusoma diski, wakauita kwa jina la lifti. Na ndiyo maana kubonyeza kitufe mara kumi hakusaidii. Ukishabonyeza mara moja umeandikwa kwenye daftari.

Kinachotushinda mpaka sasa ni mlango. Lifti ina milango miwili kila unaposimama, wa chumba na wa koridoni, na nilipowauliza watoto zinahitajika mota ngapi kwa jengo la ghorofa nne, wakasema tano. Jibu ni moja. Mota inakaa juu ya chumba, inafungua mlango wa chumba, na mlango huo unaubeba ule wa koridoni kwa vipande viwili vya chuma vinavyoushika kwa muda chumba kinapofika sawasawa na sakafu. Milango ya koridoni haina nguvu yake yenyewe. Chumba kisipokuwepo imefungwa kwa kufuli, na mmoja ukiwa wazi umeme wa kuendesha unakuwa umekatwa. Binti yangu amekwishachora namna ya kufanya kwa makasha ya kiberiti na visumaku vilivyotoka kwenye spika za simu. Sumaku zinashika vizuri. Zinagoma kuachia.